Kaka Khoan, Mtandika Mikeka wa Wafalme Wawili

Habari ilinikuta nyuma ya hekalu, nimeinama juu ya chungu cha wali wa watawa, moshi umenijaa machoni. Yule karani aliyetoka mjini Thang Long alishindwa kujua kama nalia tayari au bado. Alikuwa amejifunga kitambaa cheupe cha msiba kichwani, viatu vyake mkononi, matope mpaka magotini, kwa sababu mashua yake ilikwama kwenye kinamasi chetu cha ndago kama zinavyokwama mashua zote za watu wa mjini.

Akainama, akasema, "Bibi Mien, nimeletwa na msiba. Kaka yako, Mtukufu Mshauri Khoan, ametutoka."

Nikamuuliza, "Kichwa kipo?"

Akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya kisima. "Bibi?"

"Nakuuliza kichwa. Kipo?"

"Kipo, bibi."

"Kimeshikana na shingo?"

"Kimeshikana, bibi! Alifariki usingizini, mchana, baada ya kula. Juu ya mkeka wake mwenyewe."

Hapo ndipo nilipokaa chini kwenye majivu, nikalitaja jina la Buddha, nikalia. Watawa walikuja mbio wakidhani wali umeungua. Na kweli ulikuwa umeungua.

Msinione sina huruma. Kwetu kichwa si jambo la mzaha. Mdogo wa babu yetu, Babu Truat, alikwenda mjini kumtumikia bwana mmoja mkubwa, na yule bwana aliposhindwa katika fitina za ikulu, watumishi wake nao wakashindwa pamoja naye. Babu Truat alirudishwa kwa mashua, mzima kabisa kuanzia mabegani kwenda chini. Kichwa kilibaki juu ya lango fulani. Wazee walichonga kingine cha mti wa mforsadi, wakakifunga kitambaa, wakamzika nacho. Mama yetu, wakati huo bibi harusi mgeni nyumbani, alikiona. Alisema seremala alichonga pua yake mwenyewe. Tangu siku hiyo, kila tulipowakaribisha marehemu wetu kwenye chakula, mama alilitazama bakuli la Babu Truat na kuuliza, "Sasa huyu atatafunaje?"

Kwa hiyo Khoan alipoitwa mjini, mama alimshika sikio mbele ya madhabahu ya wazee.

"Nenda. Lakini utarudi uzikwe hapa, kando ya baba yako, kila kitu kikiwa mahali pake."

"Na nikipoteza sikio moja tu, mama?"

"Ulitafute kabla hujapanda mashua."

Khoan akacheka, kisha akapiga magoti akaapa. Alikuwa mtu wa kucheka kabla ya kuapa na baada ya kuapa, lakini wakati wa kuapa hakucheka. Sisi sote tuliokuwepo tulilibeba lile neno kuanzia hapo. Kila alipopandishwa cheo, kijiji kizima cha Ke Vung kilichinja bata na kushangilia, na mama alikaa pembeni akitafuna tambuu yake na kunung'unika, "Wanamrefusha shingo mwanangu."

Hakwenda mjini kwa elimu. Kusoma alisoma kidogo, kama mimi, kwa watawa. Sisi ni wafumaji wa mikeka. Tunakata ndago, tunaipasua, tunaianika, tunaifuma, na vidole vyetu vinanuka kinamasi mpaka siku ya harusi. Khoan hakuwa mfumaji hodari. Mikeka yake ilipinda. Kipaji chake kilikuwa kutandika. Kwenye karamu za kijiji yeye ndiye aliyepanga nani aketi wapi, na alipanga kwa makusudi. Mkuu wa kijiji, aliyekuwa akituibia zamu zetu za maji, kila mwaka alijikuta kando ya ngoma kubwa. Shangazi yetu mmoja msengenyaji aliwekwa kando ya kiziwi. Wapenzi waliokatazwa na wazazi wao walijikuta mgongo kwa mgongo, wakigusana bila mtu kuona, na mwaka uliofuata wakaoana. Ukimuuliza, angekwambia, "Mimi? Mimi nimetandika tu."

Mwaka ule ikulu iliagiza kwetu jamvi la ukumbi mrefu. Ukoo wa wafalme wetu una desturi yake, na ni desturi nzuri nikifikiria, ingawa ilimtia kaka yangu kwenye hatari zote alizopata. Baada ya baraza, Mfalme na ndugu zake, baba zake wakubwa na wadogo, hula sinia moja, kisha wakati wa jua kali hujilaza pamoja kwenye jamvi moja, chini ya shuka moja pana, vichwa vyao juu ya mto mmoja wa kulalia, mrefu kama mashua ya mashindano. Maana yake ni kwamba ukoo haujagawanyika. Wanagawana nchi asubuhi, wanagombana adhuhuri, lakini mchana wanalala kama watoto wa mama mmoja.

Khoan alilipeleka jamvi, akalitandika, akaambiwa abaki. Waliokuwepo kabla yake walishindwa kazi, na si kwa sababu ya jamvi. Walishindwa kupanga watu. Sheria ilikuwa moja: mkubwa alale karibu na Mfalme, mdogo alale mbali. Lakini mkubwa ni nani? Wale wanaoana wao kwa wao, binamu na binamu, kizazi baada ya kizazi. Na kwetu, mtoto wa tumbo la kwanza, yaani la ndugu mkubwa, ni kaka hata kama bado ananyonya, na mzee wa tumbo la mwisho ni mdogo wake hata kama ana mvi. Kila mchana ukumbi uligeuka soko.

"Mimi ni baba mdogo wa Mfalme! Sogea!"

"Baba mdogo kwa upande wa baba. Lakini umemwoa mdogo wa mke wangu, basi wewe ni mdogo wangu. Sogea wewe!"

"Mke wako mwenyewe ni mpwa wangu, mkwe wangu wewe! Hujui adabu?"

Khoan aliwasikiliza siku chache, akagundua jambo lililomfurahisha sana. Akagundua kwamba mtu yeyote katika ukoo ule anaweza kuwa mkubwa au mdogo wa mtu yeyote, kutegemea unaanza kuhesabu wapi. Kuanzia siku hiyo akawa anawalaza anavyotaka, na kila mmoja anampa sababu yake kwa heshima zote. "Bwana Mkubwa, leo nimeanza kwa upande wa nyanya yako." Nani angebishana na nyanya yake?

Sasa, kulikuwa na mahali pawili palipokuwa na maana katika jamvi lile. Pa kwanza ni kando ya Mfalme. Mfalme akiamka, kabla hajainuka, alikuwa akiletewa tambuu, na wakati akitafuna, macho bado mazito, alikubali karibu kila alichoombwa na mtu aliyelala kando yake. Pa pili ni kando ya Mwanamfalme Nghiem, jemadari wa jeshi, baba mdogo wa Mfalme. Huyu alikuwa akikoroma. Khoan alisema siku ya kwanza alidhani tembo wameingia bustanini. Tena alikuwa akirusha teke, akiota vita. Mtu akishalala kando ya Nghiem, jioni hafai kwa kazi yoyote.

Hasimu wa Nghiem alikuwa nduguye wa mama mwingine, Mwanamfalme Trac. Mtu mwembamba, anayejipaka manukato, mwenye usingizi wa paka. Wote wawili walitaka kitu kimoja, cheo cha Waziri Mkuu, na kila mmoja alijua kwamba njia ya kukipata inapita kando ya Mfalme, juu ya ule mto wa kulalia. Ndipo walipoanza kumjua mtandika mikeka kwa jina. Nghiem alimletea bata. Trac alimletea hariri. Khoan aliwashukuru wote, akawala bata, akaishona hariri, na siku iliyofuata akawalaza kando kwa kando, mmoja akikoroma na mwingine akikodolea dari macho.

Alinisimulia mwenyewe jinsi alivyopata cheo, Mwaka Mpya uliofuata, tukifunga keki za wali kwenye majani. Siku moja Mfalme aliamka, akawafukuza wote, akabaki naye.

"Ni nani aliyemlaza Trac kando yangu juzi?"

"Ni mimi, Mtukufu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kabla yake alikuwa Mwanamfalme Nghiem, na ukilala kando yake unaamka na hasira. Ulimfunga mpishi, na mpishi hakuwa na kosa."

Mfalme akatia tambuu mdomoni. "Na nikilala kando ya Trac?"

"Unaamka umeshakubali jambo, Mtukufu."

"Nilikubali nini?"

"Mfereji wa serikali upite shambani kwake."

"Nilikubali?" Mfalme akatema tambuu. "Basi kesho unilaze kando ya nani?"

"Kando ya ukuta, Mtukufu."

Mfalme alicheka mpaka walinzi wakachungulia. Kabla mwezi haujaisha Khoan alipewa kofia na vazi la maofisa, akawa mshauri wa mambo ya ukoo. Kijijini kwetu habari ilipofika, jirani yetu Bibi Lua aliweka kapu chini, akashika kiuno.

"Khoan huyu huyu? Mshauri wa nini?"

"Wa Mfalme," mama akasema.

"Anamshauri nini?"

"Pa kulala."

"Ee! Hata mume wangu namshauri hivyo, mbona sijapewa kofia?"

Tulicheka sote, isipokuwa mama. Yeye alikwenda hekaluni akawasha ubani, akaomba kwa sauti, ili watu wote wasikie na Buddha asisahau: mwanangu arudi mzima.

Mwezi wa nne wa mwaka mmoja nilikwenda mjini kupeleka jamvi jipya, maana lile la kwanza Nghiem alikuwa amelitoboa kwa visigino. Nilimkuta kaka yangu nyumbani kwake, nyumba nzuri yenye bwawa, amekaa barazani na uso ambao sikuuzoea. Haukuwa na mzaha ndani yake.

Wafalme wetu, kama mjuavyo, ni wawili. Baba akishamwona mwanawe ana ndevu za kutosha, humwachia kiti, yeye huhamia jumba lake la Thien Truong chini ya mto, hunyoa nywele, husali, na kutoka huko humwambia mwanawe la kufanya. Sasa Mfalme Baba alikuwa akipanda kuja mjini, na kila mtu alijua anakuja kumteua Waziri Mkuu. Angekula sinia moja na ukoo, na baada ya kula angejilaza pamoja nao. Ni nani atakayelala kando yake?

Nikiwa bado sijanywa maji, msimamizi wa Nghiem akaingia kwa mlango wa mbele, jitu lenye kovu shavuni.

"Mshauri. Bwana wangu anasema kesho atalala kando ya Mfalme Baba. Anasema, asipolala hapo, ana upanga mpya ambao haujajaribiwa."

"Mwambie bwana wako nimesikia. Kunywa maji, ndugu."

Hajamaliza maji, msimamizi wa Trac akabisha mlango wa nyuma. Khoan akanifanyia ishara nimshughulishe yule wa kwanza, akaenda nyuma. Huyu wa pili alikuwa na sauti laini kama mafuta ya ufuta.

"Bwana wangu anakusalimu. Anasema kesho, kando ya Mfalme Baba, ni yeye. Anasema ataona uchungu sana likitokea jambo lingine, na atahudhuria mazishi yako yeye mwenyewe."

"Mwambie nashukuru kwa heshima hiyo."

Walipoondoka nilimshika mkono. "Kaka, tuondoke. Mashua yangu ipo. Kesho asubuhi tutakuwa kinamasini, na watu wa mjini hawawezi kupita kinamasini."

"Mien, nikikimbia watasema nina hatia, na watanifuata hata chini ya kitanda cha mama."

"Basi utafanya nini?"

"Nitatandika." Akajaribu kutabasamu. "Mdogo wangu, nikikosea, unajua kuchonga?"

Nilimpiga kofi begani kwa ule mdomo wake. Kisha nikaenda kwenye madhabahu yake ndogo ya Buddha nikapiga magoti mpaka miguu ikafa ganzi.

Siku iliyofuata niliomba nikae na wanawake wanaofunga tambuu, nyuma ya pazia la mianzi, kando ya ukumbi. Kutoka hapo niliona kila kitu. Khoan alikuwa amefanya ujanja wake: aliuvuta mto wa kulalia kutoka ukutani mpaka katikati ya ukumbi, ili watu walale pande zote mbili, kichwa kwa kichwa. Nghiem alikuwa na nafasi ya kulia ya Mfalme Baba. Trac alikuwa na nafasi ya mbele yake, ng'ambo ya mto wa kulalia, sikio kwa sikio. Kila mmoja aliambiwa yake ndiyo ya karibu zaidi. Nikaona wote wawili wanapima kwa macho, na wote wawili hawaridhiki.

Mfalme Baba akaingia. Mzee mdogo, kichwa kimenyolewa, joho la kahawia, miguu mitupu. Mfalme mwanawe nyuma yake. Alitazama lile jamvi, akautazama ule mto wa kulalia, akawatazama ndugu zake waliojipanga wakitabasamu kwa meno yaliyopakwa rangi nyeusi, yanayong'aa. Kisha akawapita wote, akarudi mpaka mlangoni, kwenye kipande cha mkeka chakavu alipokuwa akikaa kaka yangu.

"Mimi nimeshaacha ufalme," akasema. "Mtu aliyeacha ufalme hulala mlangoni. Hapa pana upepo." Akajilaza. Kisha akapapasa mkeka kando yake. "Na wewe, kijana. Naambiwa unawalaza wenzako kila siku. Lala basi."

Khoan akalala. Alilala kama samaki mkavu, mikono imebanwa ubavuni, akitazama dari. Ukumbi mzima ukajilaza. Na katika ukumbi ule ambao Nghiem alikuwa akiutikisa kila mchana, hakukuwa na sauti hata moja. Hata mwenyewe hakukoroma. Nilimwona amefumba jicho moja, na lingine limeelekea mlangoni. Trac alikuwa hata hajisumbui kufumba. Wana wa wafalme wote walikuwa wamelala kwa kuigiza, kama watoto wanaosikia hatua za baba yao. Isipokuwa kwenye kona, ukutani, kulikuwa na mluzi mdogo, kama wa birika linalokaribia kuchemka. Huyo alikuwa Mwanamfalme Hoan, mzee nusu kiziwi ambaye kila siku alikubali kulazwa popote na hakuwahi kumletea kaka yangu hata yai.

Baada ya muda Mfalme Baba akaketi.

"Kijana, nimekuja kumteua Waziri Mkuu. Wewe unawajua hawa kuliko mimi. Ni nani anayefaa?"

Wanawake wote nyuma ya pazia wakaacha kupaka chokaa kwenye majani. Nilijua, na kila mtu alijua: akimtaja Nghiem, Trac atamuua, akimtaja Trac, Nghiem atamuua, akinyamaza, amemdharau mfalme. Nikajikuta nimeyakunja majani ya tambuu mkononi mpaka yametoa maji.

Khoan akapiga magoti. "Mtukufu, apewe aliyelala."

"Wote wamelala."

"Mtukufu, waulize."

Mfalme Baba akageuka, akapaza sauti. "Aliyelala anyooshe mkono!"

Na Buddha ni shahidi wangu, Mwanamfalme Nghiem, jemadari wa majeshi, akanyoosha mkono. Trac akanyoosha, haraka zaidi. Wengine, kwa kuona wakubwa wamenyoosha, wakanyoosha. Ukumbi mzima ulikuwa mikono juu kama shamba la miwa. Kwenye kona, birika likaendelea kupiga mluzi.

Mfalme Baba alicheka mpaka joho likamtoka begani. Walipomwamsha mzee Hoan na kumwambia amekuwa Waziri Mkuu, alijikuna, akauliza, "Chakula tena?"

Jioni ile Nghiem alimsubiri kaka yangu langoni. Nilikuwa hatua chache nyuma yao, nikisikiliza.

"Ungeweza kulitaja jina langu."

"Ningeweza, Bwana Mkubwa. Na sasa hivi ungekuwa unamshukuru maiti."

Nghiem akafikiri, na mtu akifikiri kwa tabu unamwona. "Lakini Trac hakupata."

"Hakupata, Bwana Mkubwa."

"Hm." Akaondoka akipumua kwa raha. Trac naye, nilisikia baadaye, alilala usingizi mzuri siku ile, kwa sababu ile ile. Kila mmoja akaamini moyoni mwake kwamba Mshauri Khoan ndiye aliyemzuia mwenzake, na kuanzia hapo wote wawili walimhitaji akiwa hai.

Ndivyo alivyopanda. Mfalme alimsikiliza kule Thang Long, na Mfalme Baba alimwita kule Thien Truong. Alikuwa akishuka mtoni na kupanda akibeba maneno ya baba kwa mwana na ya mwana kwa baba, na alikiri kwangu kwamba njiani alikuwa akiyapunguza makali. "Wakisema yote wanayotaka kusemeana, Mien, nchi haitakuwa na mfalme hata mmoja." Aliwaona wengi waliopanda pamoja naye wakiondoka kwa lango ambalo halirudiwi. Mwaka mmoja ulikuwa mbaya sana, na mama hakula nyama tangu masika mpaka mavuno, akiomba. Kila Mwaka Mpya Khoan alisema mwakani atavua kofia na kurudi Ke Vung, na kila mwaka palikuwa na ugomvi mmoja zaidi wa kulaza. Mama alifariki akimsubiri. Maneno yake ya mwisho kwangu hayakuwa juu yangu, na sikuona wivu. Alisema, "Umlete."

Kwa hiyo yule karani aliponiletea habari, sikusubiri wali mwingine uive. Nilipanda mashua yake, nikamwonyesha njia ya kutoka kinamasini, na tukapanda mtoni.

Nyumbani kwa kaka yangu nilikuta vilio ambavyo sijawahi kuvisikia kwenye msiba wowote. Mwanamfalme Trac alikuwa amekaa upande mmoja wa jeneza, akilia kwa ustadi. Mwanamfalme Nghiem upande wa pili, akilia kwa nguvu. Trac akipandisha, Nghiem anampita. Watumishi wao nyuma yao wanapokezana. Ilikuwa wazi kila mmoja anataka watu waseme marehemu alikuwa mtu wake.

"Tutamzika lango la magharibi," Nghiem akanguruma. "Kwenye kiwanja changu. Na kobe wa jiwe juu ya kaburi."

"Kwenye bustani yangu," akasema Trac akijifuta macho. "Na shairi."

Nikapiga magoti katikati yao. "Wakubwa zangu, samahani. Huyu ana kwao."

"Wewe ni nani?"

"Mdogo wake. Nimekuja kumchukua."

"Mwanamke, ni heshima kubwa kuzikwa hapa!"

"Najua, Bwana Mkubwa. Lakini alimwapia mama yake, na mama anamsubiri ardhini. Nikirudi mikono mitupu nitamwambia nini?"

Wakaanza kusema wote wawili pamoja, na sijui ingeishaje kama mzee Hoan, Waziri Mkuu, hangekuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti.

"Anasemaje huyu mama?" akauliza.

Nikamsogelea, nikapiga kelele sikioni mwake mbele ya watu wote, "Nataka kaka yangu!"

"Si mchukue basi," akasema kwa mshangao. "Ni wako."

Na kwa kuwa yeye ndiye Waziri Mkuu, neno likawa limekwisha.

Kabla jeneza halijafungwa niliomba niachwe naye. Nilimwosha uso kwa maji ya majani ya mrehani, nikamchana nywele, nikamwangalia vizuri, mtu wangu, mzima. Nikamtia chembe za mchele mdomoni kama inavyopasa. Uso wake ulikuwa umetulia, wala haukuwa na cheko wala hofu. Nikamsomea jina la Buddha sikioni, polepole, mpaka waliponigongea mlango.

Tulishuka naye mtoni kwa mashua yenye bendera nyeupe. Watu wa Ke Vung walikuwa wamesimama kando ya maji wakitusubiri, wamefunga vitambaa vyeupe, Bibi Lua mbele yao akilia kwa sauti ya kweli. Watawa walitangulia na kengele. Tulimpeleka mpaka kwenye kaburi lililochimbwa kati ya baba na mama. Mtawa mkuu akasoma sala ndefu, mvua ndogo ikaanza, hakuna aliyeondoka. Jeneza likashushwa kwa kamba. Ndugu walipita mmoja mmoja wakatupa udongo kwa mikono, nami nikatupa wangu. Vijana wakamalizia kwa majembe. Tukaweka bakuli la wali, samaki, na tambuu iliyofungwa, tukawasha ubani, tukainama. Kisha tukarudi nyumbani kuwapikia wageni.